Ugonjwa wa Kutetemeka na Urithi wa Mataifa

Msomaji, katika kila taifa chini ya jua wapo wazee ambao mikono yao hutetemeka pasipo baridi wala hofu. Mzee wa namna hiyo akiketi, kidole gumba na kidole cha shahada husuguana mfululizo kama vidole vya mtu ahesabuye tasbihi. Akitaka kuinuka, huinuka kwa taabu. Akitembea, hatua zake huwa fupi na za haraka, na kiwiliwili chake huinama mbele kana kwamba miguu inaukimbilia mwili usianguke. Uso wake hukauka, usionyeshe furaha wala huzuni, na sauti yake hufifia mpaka wajukuu humwomba ayarudie maneno yake. Watu humtazama, na kila mmoja hutoa hukumu yake: huyu husema ni uzee, yule husema amerogwa, na mwingine asiye na haya husema amelewa. Matabibu huuita ugonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huu hauchagui mnyonge wala mwenye nguvu. Muhammad Ali, bingwa wa ndondi aliyewaangusha majabari wa zama zake, alitambuliwa kuwa nao mwaka wa 1984, naye alikuwa na umri wa miaka 42 tu. Mwaka wa 1996 ulimwengu ulimwona mjini Atlanta akiuwasha mwenge wa Michezo ya Olimpiki, na mkono uliokuwa ukiogopwa na mabingwa ulikuwa ukitetemeka mbele ya macho ya watu wote.

Nataka kukusimulia jinsi wataalamu walivyoitafuta asili ya ugonjwa huu katika urithi wa binadamu, taifa baada ya taifa, na jinsi bara letu lilivyokuwa karibu la mwisho kuulizwa. Habari hii ni ya elimu ya viumbe, lakini ni habari ya historia pia, kwa maana yaonyesha kwamba mtu huona pale anapotazama, na kwamba asiyehesabiwa leo aweza kukosa dawa kesho.

Mtu wa kwanza kuueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu katika zama za tiba ya kisasa alikuwa James Parkinson, tabibu wa Hoxton katika jiji la London, Uingereza. Mwaka wa 1817, akiwa na umri wa miaka 62, alitoa kitabu kidogo juu ya maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Ushahidi wake wote ulitokana na watu sita, na baadhi yao hakupata kuwatibu, bali aliwaona njiani tu. Tafakari jambo hilo, msomaji: watu sita wa mji mmoja! Juu ya msingi mwembamba namna hiyo lilianza jengo kubwa la elimu. Zaidi ya nusu karne baadaye, mganga mashuhuri wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, aliyefundisha katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliona kuwa jina la kupooza halifai, kwa sababu viungo vya wagonjwa hawa havijapooza kwa kweli. Akapendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson, na jina hilo limedumu mpaka leo.

Lakini asili ya ugonjwa ilikuwa wapi? Katika karne ya ishirini jibu lilianza kupatikana. Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na mwaka wa 1919 Konstantin Tretiakoff alionyesha kwamba kwa wagonjwa wa Parkinson seli za sehemu hiyo zimekufa kwa wingi. Seli hizo hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho ni mjumbe wa ubongo katika kuamrisha mwendo wa mwili. Mwaka wa 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyowafanya walegee wasiweze kwenda, kisha akawadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, nao wakazinduka wakatembea. Mwaka wa 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz mjini Vienna walipima bongo za watu waliokufa kwa ugonjwa huu, wakakuta dopamini imepungua mno. Tangu miaka ya 1960 levodopa imekuwa nguzo ya matibabu. Haiponyi ugonjwa, lakini humrudishia mgonjwa kiasi kikubwa cha mwendo wake. Ajabu ni kwamba levodopa imo pia katika mbegu za upupu, mmea tuujuao sana kwa kuwasha, na waganga wa India waliutumia kwa karne nyingi katika maradhi yanayofanana na haya. Lakini msomaji asiende porini kuchuma mbegu hizo akamlisha babu yake, kwani dawa isiyopimwa yaweza kugeuka sumu.

Basi ilijulikana ni seli zipi zinazokufa. Haikujulikana ni kwa nini zinakufa. Wapo waliodhani ya kuwa ugonjwa huu hurithiwa, maana mara kwa mara ulionekana katika ukoo mmoja kwa baba na mwana. Katika kupima wazo hilo, wataalamu wa Marekani waliwatafuta pacha. Ikiwa ugonjwa ni wa urithi, basi pacha wa kufanana, ambao urithi wao ni mmoja, wangepaswa kuugua wote wawili. Mwaka wa 1983 matokeo ya uchunguzi wa jozi 65 za pacha yalitangazwa, nayo yalionyesha kwamba mara nyingi pacha mmoja huugua na mwenziwe hubaki mzima. Miongoni mwa waliofanya uchunguzi huo alikuwamo daktari Roger Duvoisin, na kwa muda wataalamu wengi waliamini kwamba urithi hauna sehemu kubwa katika jambo hili.

Hapo ndipo ukoo mmoja ulipokuja kuyatikisa mawazo hayo. Miaka michache baadaye Duvoisin huyohuyo, pamoja na Lawrence Golbe, walipokuwa wakifanya kazi katika jimbo la New Jersey, walikutana na wagonjwa wenye asili ya kijiji kiitwacho Contursi, kusini mwa Italia. Walipofuata nasaba waligundua kwamba katika vizazi vinne vya ukoo huo watu zaidi ya 40 walikuwa wameugua, wengine wakiwa Italia na wengine wakiwa wahamiaji Marekani. Ugonjwa ulishuka kutoka kwa mzazi hata kwa mtoto kama jina la ukoo linavyoshuka. Bahari haikuuzuia wala hali ya hewa ya nchi mpya haikuubadili. Habari hizi zilitangazwa mwaka wa 1990. Mwaka wa 1997 Mihael Polymeropoulos na wenzake wakapata kiini cha jambo: katika jeni iitwayo SNCA, herufi moja ya maandishi ya urithi ilikuwa imebadilika.

Naona inafaa tusimame kidogo tueleze neno jeni. Katika kila seli ya mwili yamo maandishi marefu ya urithi, ambayo nusu yake twayapata kwa mama na nusu kwa baba. Jeni ni kama sentensi moja katika maandishi hayo, na kila sentensi huuagiza mwili kutengeneza kitu fulani. Herufi moja ikibadilika, pengine maana haiharibiki, pengine huharibika kidogo, na pengine sentensi nzima hugeuka hasara. Wanadamu wote tunacho kitabu kimoja, lakini katika kunakiliwa kwake kizazi baada ya kizazi, kila jamii imepata tofauti zake chache za herufi. Tofauti hizo ndizo wataalamu wazitafutazo.

Badiliko la ukoo wa Contursi lilipatikana pia katika jamaa tatu za Ugiriki. Hili halikuwa jambo la kushangaza sana, kwa maana Wagiriki wa kale walivuka bahari wakajenga miji yao kusini mwa Italia, na wataalamu waliona dalili za asili moja. Mwaka huohuo wa 1997 Maria Grazia Spillantini na wenzake walionyesha kwamba protini itokanayo na jeni hiyo ndiyo inayojikusanya kuwa madonge ndani ya seli za ubongo za wagonjwa wa kawaida, wasio na badiliko lolote la jeni hiyo. Madonge hayo Friedrich Lewy alikuwa ameyaona tangu mwaka wa 1912 bila kujua yamefanywa na nini. Basi kijiji kimoja cha Italia kilifungua mlango wa kuufahamu ugonjwa wa ulimwengu mzima. Tukiwapuuza wachache kwa uchache wao, huenda tunaupuuza ufunguo.

Mwaka wa 1998 habari nyingine zilitoka Japani. Huko walikuwako vijana walioanza kutetemeka na kukakamaa mapema, hata kabla ya miaka 40, na wazazi wao walikuwa wazima. Tohei Kitada na wenzake waligundua jeni iliyoharibika, wakaiita parkin. Tofauti na ukoo wa Contursi, hapa mtu huugua pale anapopokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nakala mbovu kutoka kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja mbovu na moja nzima huwa salama, hajui kama amebeba kitu. Baadaye jeni hii iliyoharibika ilionekana katika mataifa mengi ya dunia, nayo ni miongoni mwa sababu kubwa za ugonjwa wa Parkinson kuwapata vijana.

Kisha ikafuata jeni iliyotufundisha zaidi juu ya mataifa na hijra zao. Mwaka wa 2002 Manabu Funayama na wenzake walichunguza ukoo mkubwa wa Sagamihara, Japani, wakatambua sehemu ya kromosomu ya 12 ambako kasoro ilikuwa imejificha. Mwaka wa 2004 makundi mawili ya wataalamu yaliipata jeni yenyewe kwa wakati mmoja, nayo huitwa LRRK2. Kwa kuwa baadhi ya wagonjwa walikuwa Wabaski wa kaskazini mwa Hispania, protini yake ilipewa jina la dardarin, kutokana na neno la Kibaski lenye maana ya kutetemeka.

Mwaka wa 2006 yalitokea matokeo mawili yaliyowashangaza watu. Suzanne Lesage na wenzake walipowachunguza wagonjwa Waarabu wa Afrika ya Kaskazini, waliona kwamba karibu wanne katika kila kumi walikuwa na badiliko moja la jeni ya LRRK2, badiliko ambalo kwa Wazungu wengi ni adimu. Laurie Ozelius na wenzake wakaona badiliko hilohilo kwa wagonjwa 22 kati ya 120 wa Kiyahudi wa Ashkenazi, yaani Wayahudi ambao mababu zao waliishi Ulaya ya kati na ya mashariki. Tena si badiliko lile tu lililofanana, bali hata maandishi ya urithi yaliyolizunguka, kama kurasa mbili zilizonakiliwa kutoka karatasi moja. Maana yake ni kwamba Mwarabu wa Afrika ya Kaskazini na Myahudi wa Ulaya, ambao siasa za dunia zimewaweka mbalimbali, wamelipokea badiliko hili kwa mhenga mmoja aliyeishi zamani sana.

Jambo hili latuonya tusifanye haraka kusema kuwa ugonjwa fulani ni wa kabila fulani. Badiliko la jeni halijui dini wala lugha. Huanzia kwa mtu mmoja, hufuata watoto wake, na watoto hufuata riziki, ndoa, biashara na vita. Likiingia katika jamii ndogo iliyooana ndani kwa ndani kwa muda mrefu, huzidi. Likiingia katika jamii kubwa, hupotea kama chumvi katika kisima. Katika China na nchi jirani za Asia ya mashariki badiliko lile la Afrika ya Kaskazini ni nadra mno. Badala yake wataalamu walikuta mabadiliko mengine ya jeni hiyohiyo ya LRRK2, ambayo kila mojawapo huongeza hatari mara mbili hivi. Jeni ni moja, mlango ni mmoja, lakini kila taifa lina ufunguo wake.

Tufike sasa kwenye jeni ambayo itatuleta nyumbani. Mwaka wa 1882 daktari Philippe Gaucher wa Ufaransa alieleza ugonjwa mwingine kabisa, ambao wengu na ini huvimba kwa sababu mwili umeshindwa kuvunja aina fulani ya mafuta. Ugonjwa huo huletwa na kuharibika kwa nakala zote mbili za jeni iitwayo GBA1, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kusafisha taka ndani ya seli. Kwa muda mrefu hakuna aliyedhani kuwa ugonjwa wa wengu una uhusiano na ugonjwa wa kutetemeka. Lakini matabibu wenye macho, miongoni mwao Ellen Sidransky wa Marekani, waliona kwamba baadhi ya wagonjwa wa Gaucher, na zaidi jamaa zao wenye nakala moja tu mbovu, walikuwa wakipatwa na ugonjwa wa Parkinson. Mwaka wa 2009 Sidransky na wenzake walikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 5,000, wakathibitisha kwamba mabadiliko ya jeni hiyo huonekana kwa wagonjwa wa Parkinson kwa uwiano uzidio mara tano kuliko kwa watu wazima wa afya.

Habari hizo zilitoka katika vituo 16: vitano vya mabara ya Amerika, sita vya Ulaya, viwili vya Israeli, na vitatu vya Asia. Hesabu, msomaji, kisha uniambie Afrika ilikuwa na vituo vingapi. Haikuwa na hata kimoja.

Je, Afrika ilisahauliwa kwa sababu ugonjwa haupo huku? Kwa miaka mingi wengi walidhani hivyo. Katika miaka ya 1980 Bruce Schoenberg wa Marekani, akishirikiana na mtaalamu mkubwa wa Nijeria, Benjamin Osuntokun wa Ibadan, aliulinganisha mji wa Igbo-Ora, Nijeria, na wilaya ya Copiah katika jimbo la Mississippi, Marekani. Watu walihojiwa nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1988 yalionyesha kwamba miongoni mwa watu weusi wenye umri wa kama miaka 40 na zaidi, wagonjwa wa Igbo-Ora walikuwa 67 katika kila watu 100,000, na wa Copiah 341. Tofauti ni mara tano, na mababu wa wale wa Copiah walitoka Afrika hiihii. Hapo yazaliwa maswali. Je, ni mazingira? Ni chakula? Au ni kwamba mgonjwa wa kijijini, asiye na tabibu wala dawa, hufa mapema kabla ya kuhesabiwa?

Karibu na kwetu, katika wilaya ya Hai chini ya mlima Kilimanjaro, Tanzania, kazi ya namna hiyo ilifanywa na Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2008. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33. Idadi ni ndogo, lakini wengi wa wagonjwa hao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wameishi na kutetemeka kwao, na pamoja na hukumu za majirani, pasipo kujua kwamba dawa ipo. Levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini dawa haina faida kwa mtu ambaye hajulikani kuwa mgonjwa.

Wakati huohuo elimu ya urithi ilikuwa ikienda mbio mahali pengine. Badala ya kufuata ukoo mmoja mmoja, wataalamu walianza kusoma maandishi ya urithi ya maelfu ya watu kwa pamoja, wagonjwa na wazima, wakitafuta herufi zinazoonekana zaidi kwa wagonjwa. Mwaka wa 2019 Mike Nalls na wenzake walitangaza uchunguzi wa wagonjwa wapatao 37,700, nao ulitoa alama 90 za hatari. Wote walikuwa wa asili ya Ulaya. Mwaka wa 2020 Jia Nee Foo na wenzake wakatangaza uchunguzi wa wagonjwa 6,724 wa Asia ya mashariki, na kati ya alama walizoziona, mbili hazikuwa zimejulikana kabla. Ramani ilikuwa ikijaa, lakini pale palipoandikwa Afrika pakabaki karatasi nyeupe.

Hatimaye mwaka wa 2023 karatasi hiyo ilianza kuandikwa. Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, Mie Rizig wa London, na wenzao wa Nijeria, Uingereza na Marekani, walitangaza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa namna hii kwa watu wa asili ya Afrika. Wagonjwa walikuwa 1,488, na wazima wa kulinganisha walikuwa zaidi ya 196,000. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile ya Ulaya, lakini matunda yake yalikuwa makubwa. Katika jeni ileile ya GBA1 waliona badiliko ambalo halikupata kujulikana kuwa na hatari. Kwa watu wa asili ya Afrika si adimu, na kwa Wazungu ni kama halipo. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo ana hatari kama mara moja na nusu ya asiye nalo, na mwenye nakala mbili ana hatari kama mara tatu na nusu.

Kwa nini wataalamu wa Ulaya hawakuliona? Si kwa uvivu wala kwa ujinga. Walichunguza kwa bidii, lakini walichunguza mahali ambapo kitu hicho hakipo. Mvuvi wa ziwa hata awe hodari namna gani hatamvua papa. Tena badiliko hili limejificha. Halikai katika sehemu ya jeni inayoandika protini, ambayo ndiyo vipimo vingi vya kawaida huisoma, bali hukaa katika sehemu ya katikati ambayo seli huikata na kuitupa kabla ya kuutumia ujumbe. Mwaka wa 2024 ilielezwa kwamba badiliko hilo huivuruga kazi hiyo ya kukata na kuunga, hata kimeng'enya kikapungua. Basi Mwafrika angeweza kupimwa jeni hii kwa kipimo kilichotengenezwa kwa kuwatazama Wazungu, akaambiwa hana kitu, na kumbe anacho.

Hapa ndipo ilipo hatari yenyewe. Dawa mpya zinatafutwa ambazo shabaha yake ni jeni ya GBA1 na jeni ya LRRK2. Kabla ya kukubaliwa katika majaribio ya namna hiyo, mgonjwa aweza kutakiwa kuwa na badiliko linalojulikana. Badiliko lisilojulikana humwacha mwenyewe nje ya mlango. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja haiwezi kuwaenea wote, na anayeumia ni yule ambaye fundi hakumpima.

Lakini msomaji, nakuomba usitoke katika habari hii na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kuwa hatari ni hukumu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kundi fulani mtu mmoja katika kila mia hupatwa na ugonjwa. Hatari ikiongezeka mara moja na nusu, watakaougua ni kama watatu katika kila mia mbili, na waliobaki 197 watakuwa salama ingawa wamelibeba badiliko lilelile. Hata katika badiliko la LRRK2 lenye nguvu zaidi, wako wanaolibeba mpaka uzeeni pasipo kutetemeka. Umri, mazingira na mambo mengine yana sehemu yao, na wengi wa wagonjwa hawana jeni moja iwezayo kulaumiwa. Kwa hiyo asiwepo mtu atakayemkataa mchumba au kuivunja ndoa kwa sababu ya babu aliyetetemeka.

Kosa la pili ni kudhani kuwa Afrika ni kitu kimoja. Binadamu ameishi katika bara hili muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na kwa sababu hiyo tofauti za urithi zilizomo humu ni nyingi kuliko za mabara mengine. Yaliyoonekana kwa watu wa Nijeria hayatoshi kuwaeleza watu wa Kisumu, Lamu, Marsabit au Arusha. Kama vile Contursi ilivyokuwa na siri yake, na Sagamihara yake, yamkini nasi tunazo zetu ambazo hazijaulizwa. Zikiulizwa, inafaa ziulizwe kwa idhini na heshima, na matunda yake yarudi kwa wale waliotoa damu yao.

Miaka zaidi ya 200 imepita tangu James Parkinson aandike habari za watu wake sita. Ukiitazama safari hiyo yote, utaona kwamba kila hatua ilitokana na mtu aliyekubali kuwatazama watu ambao wengine waliwapita: wazee wa njiani London, wahamiaji kutoka kijiji cha Italia, vijana wa Japani, jamaa za wagonjwa wa wengu, na wakulima wa Hai. Elimu haikuwatajirisha kwa kuwatazama, bali wao ndio walioitajirisha elimu.

Wewe usomaye insha hii huenda kesho ukawa tabibu, mtafiti, au mwalimu. Huenda pia usiwe mojawapo ya hao, ukawa mtu wa kawaida mwenye jirani mzee. Ukiwa mtafiti, yaanze maswali yako pale ramani ilipo nyeupe. Ukiwa jirani, na ukamwona mzee ambaye vidole vyake husuguana peke yake na hatua zake zimekuwa fupi, usicheke wala usimtafute mchawi. Mpeleke hospitali akapimwe, kwa maana jina la ugonjwa wake linajulikana, na dawa ya kumpunguzia taabu ipo.